Siku tano za kufagia heda

Wadau, najua nimepotea. Walioniuliza kwenye foleni ya kafteria niko wapi siku hizi, jibu ni hili: nilikuwa nafagia. Sio chumba, chumba kiko vile vile mnavyokijua. Nilikuwa nafagia faili za heda za kerneli ya mradi wetu wa mifumo ya uendeshaji, siku tano mfululizo, na hakuna hata kitu kimoja kipya kilichoonekana kwenye skrini kwa sababu ya kazi hiyo. Wale wa sheria na ualimu msikimbie, nitakwenda taratibu, na kuna mahali Mangi anaingia.

Kerneli tunayotumia darasani ni xv6. Ni mfumo mdogo uliotengenezwa kule MIT mwaka 2006 kwa ajili ya kufundishia, ukiigiza Unix toleo la sita la mwaka 1975, ile ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 2019 wakaihamishia kwenye prosesa za RISC-V, na hiyo ndiyo tunayoichezea sisi. Uzuri wake ni kwamba mtu mmoja anaweza kuisoma yote akaimaliza. Ubaya wake ni kwamba ukishaisoma yote unaanza kujiona fundi.

Sasa heda ni nini. Kompaila ya C inasoma faili moja moja. Ikiwa ndani ya vm.c haijui kabisa kwamba kuna kalloc.c duniani. Kwa hiyo kabla hujaita fanksheni iliyoko faili jingine lazima uitangazie: bwana, kuna fanksheni inaitwa hivi, inapokea hiki, inarudisha kile, mwili wake utaukuta mbele ya safari. Hilo ndilo tangazo. Heda ni mahali pa kuyaweka matangazo hayo ili kila faili lisome bango lile lile. Mwishoni kabisa linka inakuja kuunganisha vipande vyote kuwa kerneli moja, na linka ya C inaangalia majina tu. Jina likifanana, imetosha. Haiulizi unapitisha vigezo vingapi wala vya aina gani.

Hapo ndipo Mangi anapoingia. Unakopa sukari, Mangi anaandika kwenye daftari lake, na wewe unaandika kwenye daftari lako. Siku mbili tatu mambo safi. Halafu bei ya sukari inapanda, Mangi anarekebisha kwake, wewe kwako hujui. Hakuna mwizi hapo, kuna madaftari mawili tu. Na hamtajua mpaka mwisho wa mwezi, bumu likiingia, mkutane dukani mbele za watu.

Kundi letu lina watu wanne. Mmoja tunamwita Mzee, kwa heshima kabisa, maana alifanya kazi miaka mingi kabla ya kuja chuo, ana mke na watoto wawili, na kozi hii anairudia. Mwaka jana alikula sapu, sapu nayo ikamla. Kuna dada mmoja ambaye ndiye mkali wetu wa C. Kuna kijana wa Tanga asiyelala. Na mimi. Mradi wetu ulikuwa kubadilisha fork ili isinakili kurasa zote za kumbukumbu pale pale, bali mzazi na mtoto washirikiane ukurasa mmoja mpaka mmoja wao atakapotaka kuandika, ndipo ukurasa unakiliwe. Kazi hiyo, iliyo moyo wa mradi, ilikuwa ya Mzee.

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja kuonyesha kazi kwa mwalimu, kerneli ikaanza kuzimia. Si kila mara, na hiyo ndiyo adha yenyewe. Unaendesha usertests mara nne inapita, mara ya tano inaanguka na kuandika panic: mappages: remap. Maana yake ni kwamba kerneli imejaribu kuweka anwani mahali ambapo pameshakaliwa. Ukiongeza mstari wa kuchapa ili uchungulie kinachotokea, tabia inabadilika, inaanguka pengine au haianguki kabisa. Mnaojua mnajua, hitilafu ya namna hiyo inamaliza urafiki.

Kila mtu akamtazama Mzee. Mantiki ilikuwepo: yeye ndiye aliyegusa kurasa, na kinachoanguka ni kurasa. Dada akasema, kwa upole lakini akasema, kwamba ikifika Alhamisi haijapona tuiondoe sehemu ya Mzee, turudishe fork ya zamani, tuonyeshe vile vingine. Mzee hakujibu kitu. Alikaa pale kwenye kimbweta anaangalia laptop yake kama mtu anayesoma barua ya benki. Sehemu yake ikiondolewa angeonyesha nini? Na kwake yeye kukosa tena sio sapu, ni disko.

Mimi nilikuwa na hoja tofauti, na nikiri ilisikika ya kijinga. Nilikuwa nimepita kwenye faili zetu kutafuta neno extern nikakuta matangazo 37 yameandikwa kwa mkono, yametawanyika juu ya faili za .c, nje ya heda yoyote. Kuna fanksheni zilizotangazwa mara tatu mahali patatu. Ilikuwaje? xv6 inajengwa kwa amri kali, onyo lolote la kompaila linahesabiwa kuwa kosa. Kwa hiyo ukiita fanksheni ya mwenzako saa saba za usiku kompaila inakataa, haijui jina hilo, na njia ya haraka ya kuinyamazisha ni kuandika tangazo mwenyewe hapo juu kisha uendelee na safari. Watu wanne, miezi mitatu, ndio hesabu hiyo ya 37.

Nikasema nipeni siku tano nisafishe haya yote. Tangazo moja, mahali pamoja, na kila faili lilisome kutoka hapo.

"Kaka," Mzee akaniambia, "zimebaki siku kumi na moja, wewe unataka kupanga mabango? Nyumba inaungua unafagia uwanja?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilichomwambia ni kwamba kwa hali ilivyo hatuwezi kuamini chochote tunachosoma, maana hatujui faili gani linaamini nini. Kijana wa Tanga akaniunga mkono, nadhani kwa sababu alitaka mtu mwingine wa kukesha naye. Mzee akasema sawa, fagia, mimi nitaendelea kutafuta kwangu. Dada akasema Alhamisi ni Alhamisi.

Nikaanza na defs.h, ambayo xv6 inakuja nayo, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ni faili ninaloliheshimu. Ni heda moja yenye matangazo karibu ya kerneli nzima, yamepangwa kwa mafungu, kila fungu na jina la faili linakotoka mwili: haya ni ya bio.c, haya ya console.c, na kuendelea. Juu kabisa kuna orodha ya majina matupu: struct buf, struct context, struct file, struct inode, na wenzake. Hakuna maelezo ya ndani. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani wamesahau kumalizia. Kumbe ukiwa unapitisha pointa tu, kompaila haihitaji kujua strakti ina nini ndani, kwa sababu pointa ni baiti 8 iwe inaelekea kwenye kitu kidogo au kikubwa. Inatosha kujua kwamba kitu chenye jina hilo kipo. Kama unavyoweza kumtumia mtu barua kwa sanduku la posta bila kujua ana vyumba vingapi.

Sisi tulikuwa tumeuharibu utaratibu huo. Tulikuwa na heda yetu ya kundi, na ndani yake mtu aliingiza proc.h ili apate struct proc. Lakini proc.h ina kufuli ndani ya strakti, yenyewe na sio pointa, kwa hiyo inaitaka spinlock.h itangulie, na inaitaka param.h nayo itangulie. Usipofuata mpangilio kompaila inalalamika kwamba kufuli haina ukubwa unaojulikana. Ukiingiza spinlock.h mara mbili inalalamika kwamba umeifafanua mara mbili, kwa sababu heda hizi za xv6 hazina kinga ya kusomwa mara mbili. Kwa hiyo kila faili letu lilianza na msululu wa #include ambao hakuna aliyethubutu kuugusa, kama nyaya za umeme za nyumba ya kupanga. Rob Pike alishaandika mwaka 1989 kwamba heda isiingize heda nyingine kabisa. Wengi wanaona ni msimamo mkali na huenda kweli, ila ukiwa ndani ya shimo lile unamwelewa. Mstari ule wa #include nikauondoa, nikaweka struct proc, basi. Faili sita zikapona kwa mpigo, maana hazikuwa na haja ya kujua kilichomo ndani ya proc.

Siku ya pili na ya tatu ilikuwa kazi ya kibarua. Unachukua tangazo la mkono, unatafuta mwili wake, unaandika tangazo sahihi kwenye fungu lake ndani ya defs.h, unafuta yale ya mkono kila yalipo, unajenga, unaendesha. Fanksheni inayotumika ndani ya faili lake tu unaipa neno static ili isitoke nje. Na jambo moja ambalo wengi hulipuuza: faili lenye mwili wa fanksheni nalo lazima lisome heda ile ile yenye tangazo lake. Hapo ndipo kompaila inapata nafasi ya kulinganisha ahadi na kitu chenyewe. Bila hivyo umesafisha kwa macho tu, madaftari bado ni mawili.

Usiku wa siku ya tatu nikafika kwenye fanksheni tuliyoiita ukurasa_mpya. Kazi yake ni kuomba ukurasa wa baiti 4096 na kuujaza sifuri. Zamani haikupokea kigezo chochote. Baadaye mmoja wetu, sio Mzee, alifikiri vizuri tu: ukurasa unaokwenda kunakiliwa juu yake hauna haja ya kujazwa sifuri kwanza, ni kupoteza muda. Akaiongezea kigezo kimoja: safisha, au usisafishe. Akarekebisha sehemu mbili zinazoiita. Sehemu ya tatu ilikuwa vm.c, ambako kulikuwa na tangazo la mkono la zamani, lile lisilo na kigezo.

Nikafuta mstari ule. Nikajenga. Kompaila ikasimama hapo hapo: vigezo havitoshi.

Nilikaa kama dakika nzima sijagusa kibodi. Tazameni kilichokuwa kinatokea. vm.c inaita ukurasa_mpya bila kupitisha kitu, kwa sababu daftari lake linasema hakuna cha kupitisha. Fanksheni yenyewe inatazama rejista ya a0, mahali ambapo kigezo cha kwanza hukaa kwenye RISC-V, na kukuta chochote kilichoachwa humo na kazi iliyotangulia. Mara nyingi si sifuri, kwa hiyo inaelewa "safisha", ukurasa unasafishwa, maisha yanaendelea. Siku rejista ikiwa na sifuri, inaelewa "usisafishe". Na ukurasa unaotoka kwa kalloc hauji mtupu. xv6 kwa makusudi inaujaza baiti zenye thamani ya 5, ili anayeusoma kabla ya kuuandika aumbuke. Sasa vm.c ilikuwa inautumia ukurasa huo kama jedwali la kurasa. Tano kwa biti ni 101. Biti ya mwisho kwenye jedwali la kurasa la RISC-V maana yake ni "hapa pameshakaliwa". Jedwali zima, nafasi 512, zote zinasema pamekaliwa. Ndiyo hiyo remap. Na ukiongeza mstari wa kuchapa unabadilisha kilichobaki kwenye rejista, ndiyo maana ilikuwa inatukimbia.

Msimbo wa Mzee haukuwa na kosa hapo. Hata herufi moja.

Nikampigia saa nane na robo usiku. Mkewe ndiye aliyepokea, nikamwambia shikamoo shemeji, samahani sana, naomba Mzee. Akasema yuko macho, hajalala tangu Jumapili. Nikamweleza. Kimya kirefu. Halafu akauliza, "Kwa hiyo sio kwangu?" Nikamwambia sio kwako. Akasema "haya" na akakata simu. Asubuhi alikuja na chapati za watu wanne.

Siku mbili zilizobaki niliendelea kufagia, maana ukishakuta nyoka mmoja chini ya kitanda huachi kuangalia kabati. Niliwasha amri ya kompaila inayoonya pale fanksheni ya nje inapofafanuliwa bila tangazo lililotangulia. Inaitwa -Wmissing-prototypes na kwa maoni yangu ingekuwa imewashwa tangu wiki ya kwanza ya kozi. Wenye Linux wenyewe waliiwasha kwa kerneli nzima kwenye toleo la 6.8 la mwaka 2024, baada ya kazi ndefu ya kusafisha iliyoongozwa na Arnd Bergmann. Kwa hiyo tusijione tumechelewa sana.

Na nikiitaja Linux, kuna kisa nilichomsimulia kijana wa Tanga usiku mmoja ili asisinzie. Tarehe 2 Januari 2022, Ingo Molnar alileta viraka 2,297 kwa mkupuo, karibu vyote vya kupanga upya heda za Linux. Alianza mwishoni mwa 2020 akidhani vingekuwa kama 50 hadi 100. Heda zilikuwa zimeshikana kwa miaka thelathini kiasi kwamba ukivuta uzi mmoja shuka zima linakuja. Faida yake haikuwa uzuri. Ni kwamba #include inabandika maandishi yote ya heda ndani ya faili, na heda inabandika nyingine, na nyingine, mpaka faili dogo linakuwa zigo, halafu kompaila inalisoma zigo hilo kwa maelfu ya faili. Kwa kupanga upya, kujenga kerneli kuliharakishwa kwa asilimia 50 hadi 80, kutegemea unavyoijenga. Mimi niliwahi kujenga Linux kwenye hii laptop yangu, niliiacha usiku ikipuliza kama feni ya saluni, na umeme ulipokatika betri ikamaliza kabla yake. Asilimia 50 kwangu sio tarakimu, ni Luku.

Viraka vile havikuingia vyote kwa pamoja, vimekuwa vikiingia vipande kwa vipande. Naelewa kwa nini. Nani atakaa asome viraka elfu mbili ambavyo vikifanikiwa hakuna kinachobadilika kwa mtumiaji?

Ila msichukue dawa ya Linux mkaja kuinywesha xv6. Dada alipendekeza tukishasafisha tuigawe defs.h iwe heda ndogo ndogo, kila faili na yake, kama watu wazima. Nilikataa na bado nakataa. Ni kweli ukiigusa defs.h karibu kerneli nzima inajengwa upya. Ya kwetu inajengwa kwa sekunde kadhaa. Kwa udogo huu, bango moja ambalo kila mtu analiona lina faida kuliko mabango thelathini ya kuzunguka kutafuta. Molnar alipoigawa sched.h mwaka 2017 ilikuwa heda inayosomwa na sehemu kubwa ya mfumo wenye mamilioni ya mistari. Sisi tuna laptop nne na chapati.

Alhamisi ilifika. usertests tuliiendesha mara ishirini mfululizo, ikapita zote. Sehemu ya Mzee ikabaki. Siku ya kuonyesha yeye ndiye aliyesimama mbele akaeleza fork, na mwalimu alipouliza kwa nini ukurasa mmoja unasafishwa na mwingine hausafishwi, Mzee akajibu mpaka habari ya biti ya mwisho. Matokeo bado hayajatoka, msiniulize.

Kilichobaki ni syscall.c. Humo xv6 yenyewe, sio sisi, imetangaza kwa mkono fanksheni zote 21 za miito ya mfumo, sys_fork mpaka sys_close, na ile amri ya kuonya inazipigia kelele moja baada ya nyingine. Kijana wa Tanga anataka tuzihamishie defs.h. Mimi nimeziacha: zote zina umbo moja, hazipokei kigezo, zinarudisha uint64, na zinatumika kujaza jedwali moja lililoko hapo hapo chini yake. Mzee anaona nimelegea, anasema likizo ikianza atazihamisha mwenyewe. UE ya kwanza ni Jumatatu, kwa hiyo mpaka wakati huo zitakaa palepale.